Waliponiombea Nikiwa Hai

Harufu ya mafuta ya kujikinga na jua, yale meupe mazito yanayonukia nazi ya uongo, hunikatisha hamu ya kula mpaka leo. Mteja akiingia saluni ametoka ufukweni, kabla hajakaa kitini mimi nimeshamnusa na nimeshaziba pua. Wenzangu hucheka, husema Mama Neema kanasa mimba tena. Sijanasa. Nina Desemba moja tu isiyotaka kunitoka puani, Desemba niliyofanya kazi kambini nikiwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa kambi ya likizo, juu vilimani nyuma ya Durban, ambako watoto wa watu wenye nafasi hupelekwa kulala bila wazazi wao, waogelee, wapande kamba, waimbe nyimbo za Yesu na kula kila wanapofungua mdomo. Asubuhi walipangwa mstari kwenye nyasi wakapakwa yale mafuta usoni na mgongoni, na upepo uliileta ile harufu mpaka jikoni, ikachanganyika na soseji, na dawa ya kupigia deki, na mvua ya jana iliyokuwa bado inadondoka kwenye mikalitusi. Wengine utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia hivyo.

Tulikuwa wawili, mimi na mama yangu, hatukuwa na mtu mwingine. Tulitoka Bukavu, Kongo, nikiwa bado nabebwa mgongoni, na miaka hiyo tulikuwa tunakaa Sydenham, mtaa wa Durban, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Upande wetu kulikuwa na godoro, jiko la umeme la sahani moja, na masanduku. Upande wa pili alikaa mwanamume mmoja aliyekuwa mlinzi wa magari mjini. Mwanzoni alikuwa mtu wa salamu tu. Nilipoanza kuota maziwa, salamu zikawa ndefu. Pazia likawa linatikisika wakati hakuna upepo. Mama aliona. Mama yangu si mtu wa kusema, alianza kulala upande wa pazia akaniweka mimi ukutani. Kwa hiyo aliposikia kwamba ile kambi inatafuta watu wa jikoni wa msimu, na kwamba msimu ukiisha mwenye kambi atambakiza mmoja wa kudumu na kumpa chumba chenye mlango na kufuli, mama alikitamani kile chumba kama mtu mwenye homa anavyotamani maji. Hakutaka kitu kingine. Mlango na kufuli.

Tatizo lilikuwa sheria. Madamu, mwenye kambi, alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana na magoti mekundu, na alikuwa ameapa hataajiri tena watu wa familia moja, kwa sababu msimu uliopita baba na mwanawe walishirikiana kutoa kuku wa watoto kupitia dirisha la stoo. Mama hakuweza kuniacha nyuma na lile pazia. Basi akatuandikisha kila mtu peke yake, kama watu waliokutana kanisani. Tukipanda kilima kwa miguu kuelekea getini, mizigo kichwani, akasimama akanishika kidevu.

"Furaha, kuanzia hapa mimi si mama yako. Uniite Anti, kama wale watoto. Unasikia?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka tupate chumba."

Nikaona ni mchezo. Mtoto huamini kwamba mchezo una mwisho.

Huko kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda kupumzika. Tangu nipate akili nilimsikia mama akiitwa Mama Furaha, kanisani, sokoni, kwenye ngazi za jengo letu. Kambini kwa mara ya kwanza nilisikia jina lake lenyewe, Espérance, likiitwa na vinywa vya watu wasionijua. Anti Espérance, maziwa. Anti Espérance, fulana yangu imelowa. Kulikuwa na kitoto kimoja cha kike, hakijatimiza miaka saba, kinalia kila jioni kwa kumkumbuka mama yake, na mama yangu alikuwa anakipakata kwenye benchi la jikoni na kukisuka nywele taratibu, akiimba kwa mdomo uliofungwa wimbo aliokuwa ananiimbia mimi. Mimi nipo pale pale, nakwangua sufuria la uji. Nilikwangua mpaka chuma kikalia. Mpishi mkuu, Sis Nomusa, Mzulu mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu, alitutazama siku mbili tatu, halafu akanivuta karibu na friji.

"Wewe na huyo Anti yako," alisema, "miguu yenu imetoka duka moja. Vidole vile vile, kisigino kile kile. Eish! Mfichie Madamu miguu hiyo."

"Ni ndugu yangu wa kanisa."

"Ndiyo, mwanangu. Na mimi ni mchezaji wa mpira. Vaa soksi."

Nikavaa soksi. Joto la Desemba, jikoni, soksi za sufu. Sis Nomusa kila akipita karibu yangu aliniangalia miguuni akacheka kimya kimya mpaka matiti yake yakatikisika. Ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka huko.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yetu ilikatika kwa mkate. Mkate wa kambi ulikuwa unaletwa na gari kutoka Jacobs, kwenye viwanda vya Durban, na kwa kawaida dereva alikuwa kijana mmoja asiyetujua. Asubuhi moja, karibu na mwisho wa msimu, kijana yule akawa mgonjwa, akatumwa mwenzake. Nilikuwa mlangoni napokea kreti pamoja na mama, na Madamu amesimama kando anakagua. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka Papa Josué, mtu wa kanisani kwetu, mzee wa kwaya, sauti kama tarumbeta. Akamwona mama, akafungua mikono yote miwili.

"Mama Furaha! Iko namna gani, Mama Furaha? Kumbe weye ndiko unafichama huku!"

Hakukosea kitu, maskini. Mkongomani gani angemwita mwanamke mwenye mtoto kwa jina lake tupu, kama msichana? Angekuwa amemtukana. Alitoa heshima yote aliyokuwa nayo, na heshima hiyo ikatuangukia kama tofali. Madamu alinyanyua kofia. Alikuwa na mazoea ya kusoma majina vifuani mwetu, na langu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene kwenye aproni: FURAHA. Akanitazama mimi, akamtazama mama. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini huyu bwana anamwita Espérance mama wa Furaha.

Kiingereza cha mama kilikuwa cha salamu na cha bei ya kusuka nywele, kazi yake ya mjini. Mimi ndiye nilikuwa nasoma shule, mimi ndiye nilikuwa mdomo wake kila mahali: kliniki, ofisi za makaratasi, kwa mwenye nyumba. Watoto wa wakimbizi wote tunaijua hiyo kazi. Unasimama katikati ya mzazi wako na dunia, unayabeba maneno ya kila upande, hata yaliyo makubwa kuliko umri wako. Mama alisikia swali kabla sijalitafsiri. Aliangalia sakafu. Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole, kama anayetema mfupa:

"Mwambie nilikuwa na mtoto wa jina hilo. Mwambie alikufa."

Papa Josué alishusha kreti chini. Sis Nomusa alikuwa nyuma yangu, na hakujua Kiswahili, lakini naye aliweka kisu chini. Madamu akanigeukia mimi, anasubiri. Nikasema. Nilisema kwa Kiingereza kizuri cha shule, sarufi imekaa sawasawa, kwamba alikuwa na binti aliyeitwa Furaha, na binti huyo amefariki. Nilijitangazia kifo changu mwenyewe nikiwa na mkate mikononi.

Madamu akalia. Laiti angekuwa mtu mbaya! Ningekuwa na mahali pa kuweka hasira. Alimkumbatia mama, akamwambia Mungu huwatunza watoto wote, na jioni ile watoto wa kambi walipokusanyika kwenye turubai, akawaeleza habari za msiba wa Anti Espérance na kuwaomba wainamishe vichwa. Watoto wote wale, na nywele zao zilizolowa maji ya bwawa, wakaniombea roho yangu. Baada ya maombi wakachora kadi. Wakanichora na mabawa. Wakanichora mweupe, wakanichora mweusi, mmoja akanichora nimepanda farasi. Na nani aligawa penseli za rangi? Mimi. Nilipita meza kwa meza na lile kopo. Kile kitoto cha kusukwa kikaniuliza, "Furaha aliyekufa alipenda rangi gani?" Nikasema zambarau. Nilikuwa naipenda zambarau.

Kesho yake Madamu aliniita kwenye baraza la ofisi yake. Akanipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema haamini katika bahati, anaamini katika mpango wa Mungu, na kwamba mimi, msichana mwenye jina lile lile la marehemu, nimeletwa kambini ili nimfariji yule mama. Akaushika mkono wangu. "Ukipenda," akasema, "uwe unamwita Mama. Mara moja moja tu. Itamponya."

Hebu fikirini. Mama yangu nilikuwa naye tangu tumboni. Nilipanda naye milima na malori, nikavuka naye mipaka, nikalala naye nyuma ya pazia. Sasa mtu ameketi na kikombe cha chai ananirudishia kama sadaka, mara moja moja tu, kwa ajili ya uponyaji. Mama alikuwa pale pale anafagia majani barazani. Neno *mama* ni lile lile kwa lugha zote za Durban, halikuhitaji kutafsiriwa. Ufagio ulisimama. Nikaona uso wake umefunguka, kabisa, kama dirisha, ananisubiri. Nilikuwa na ruhusa. Ningefungua mdomo tu.

"Hapana, Madamu," nikasema. "Nitamwita Anti."

Ufagio ukaendelea.

Mimi na mama tulilizungumza mara moja tu, nyuma ya chumba cha kufulia, kati ya mashuka yaliyoanikwa. Alisema ulimi wake ulikimbia, ungekuwa uongo gani mwingine? Nikamwambia uongo uko mwingi, angeweza kusema mtoto yuko Bukavu na bibi yake, angeweza kusema lolote, kwa nini aniue? Kwetu maneno ni maji, yakimwagika hayazoleki, na mzazi akitamka kifo cha mtoto anakuwa amekifungulia mlango. Mama alijua hivyo kuliko mimi. Alijipiga kifua kwa ngumi moja, akasema, "Mtu haulizi maswali juu ya mtoto aliyekufa, Furaha. Aliye hai wanamtafuta."

Alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo sehemu inayonichoma. Hakuna aliyeuliza tena. Msimu ulipokwisha, Madamu alimbakiza mama, Mama Mfiwa, sio Sis Nomusa aliyepika pale miaka na miaka. Chumba alikipata. Kilikuwa na mlango, kilikuwa na kufuli, na kilikuwa na kitanda cha mtu mmoja. Mimi ningeingia wapi? Maiti haihamii. Mama akanitoa Sydenham, hilo alilitimiza, akaniweka Cato Manor kwa mjane mmoja wa kanisani, nikapata chumba kisicho na pazia, akanilipia shule mpaka nikamaliza sekondari. Alikuja Jumapili moja moja na mkate wa kambi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Anti." Mara ya kwanza alicheka kidogo, akidhani natania. Mara ya pili hakucheka.

Wenzangu wa Tanzania saluni wanapenda kusema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sawa. Na kulea ni nini? Mimi Neema wangu ana miaka mitatu, baba yake alikwenda Cape Town kutafuta maisha na maisha yakamtafuna huko huko, na namlea chini ya meza ya saluni, katikati ya vifungu vya nywele bandia. Akiita "Mama!" naacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu naenda. Wateja wananuna. Mmoja alinyanyuka na nusu yake akaondoka, aende, mji una saluni nyingi. Nimeshakataa kazi mbili nzuri, moja ya kulala ndani, kwa sababu walisema mtoto hapana. Kwa hiyo chumba changu mimi hakina kufuli la maana, na shule ya Neema sijui italipwa na nani. Sijifichi. Nikipima, mama alinipa mlango akaninyima jina, mimi nampa mwanangu jina na mlango sina.

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa na nywele za watu vidoleni, nikaiweka spika. Ni yeye. Sauti imezeeka, bado iko kule juu, sasa ndiye mpishi mkuu. Kambi imefunguliwa tena, akasema, jikoni kuna nafasi ya msimu, ameshaniombea kwa Madamu. Neema nimwache kwa yule mjane. Na nikifika, akasita, nikifika nijue namna ya kukaa, kama zamani.

"Anti," nikamwambia, "mtu aliyekufa haoshi masufuria."

Kwenye simu nilisikia watoto wakipiga kelele majini.

"Aliyekufa ndiye aliyekusomesha," mama akasema. Hakusema kwa ubaya. Halafu akakata.

Nikabaki na kitana. Neema akatambaa kutoka chini ya meza akanishika sketi. Yeye amemzoea bibi yake kwa jina analosikia kwangu, na bibi mwenyewe hajawahi kumsahihisha.

"Anti kasema nini? Krismasi anakuja?"

"Haji," nikasema. "Ana watoto wengi wa kulisha."