Mkaguzi wa Msitu Uliofagiwa

Mkaguzi wa cheti cha misitu hasemi neno mpaka ashike. Hugusa jani kwa mgongo wa mkono, kama mzazi anayepima homa, akaguna, kisha akafuta miwani kwa pindo la shati. Sauti yake ni ya chini, hivyo kila mtu humsogelea, na akisogelewa hurudi nyuma. Mama wa kitalu alimfuata roho mkononi, kwa sababu kampuni mbia ilikwishasema wazi: bila cheti hainunui miche, na kitalu kitafungwa. Walipofika kwenye miti iliyopandwa, mkaguzi alichuchumaa akapapasa ardhi. Ilikuwa safi kama sebule.

"Majani yaliyoanguka yako wapi?"

"Nimefagia, baba," alisema mama. "Tuliambiwa kuna mgeni."

"Dada, umefagia mpaka kazi zetu!" mwenzake wa kitaluni alimnong'oneza.

Mkaguzi aliguna. "Udongo wa msitu unakula majani hayo. Umeyatupa wapi?"

Alionyeshwa rundo nyuma ya choo. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa na nyungunyungu wawili, akawatazama kwa makini, akawarudisha. Kisha akakunja mikono ya shati, akashika ncha moja ya turubai, mama akashika nyingine, wakayarudisha majani yote chini ya miti. Walipomaliza, alitoka nje ya lango, akalifunga, akabisha hodi.

"Hamjambo? Nimekuja kukagua."