Kisiki Katikati ya Banda

Watu wengi hudhani banda la maonyesho ni mbao na misumari tu. Waache wadhani hivyohivyo. Mimi nimeyajenga hapa Moshi tangu makampuni binafsi yalipoanza kugombea kahawa yetu, na nikilijenga mimi, nami ninalo la kusema humo. Asiyetaka akanunue turubai.

Mwaka ule meneja wa kampuni moja ya kununua kahawa, mtu wa Kilema kule mlimani kama sisi, aliniagiza nimtengenezee kihamba kidogo, shamba la nyumbani kama la kwetu, ndani ya banda: migomba nyuma, mibuni yenye matunda mekundu mbele, na picha kubwa ya mkulima anayecheka. Nilipiga fremu, nikapaka rangi ubao wa nyuma, nikafunga taa. Kisha nikapanda kwetu kuchukua mibuni.

Nilimkuta baba anaing'oa. Bei ya kahawa aliyolipwa na kampuni ileile ilikuwa imemchosha. Hata fedha aliyonunulia dawa haikurudi. Mibuni aliyoachiwa na babu ililala mizizi juu kando ya migomba, naye akaniambia nichukue nitakayo, ni kuni tu. Nililia, kisha hasira ikanikausha machozi. Nikachagua kisiki kikubwa kuliko vyote, nikakileta mjini na mizizi yake, nikakisimamisha katikati ya banda, chini ya taa. Picha ya mkulima anayecheka nikaitundika juu yake, kama nilivyoagizwa.

Meneja alipokuja kukagua, siku moja kabla ya ufunguzi, alitaka kisiki kiondoke. Nilikataa. Akanikumbusha kuwa mkataa pema pabaya panamwita. Nikamjibu kuwa pabaya napajua, ndipo nilipokitoa. Akaondoka. Jioni akarudi na jani la isale alilolifunga fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kwetu jani hilo huombea msamaha, na hata aliyeuliwa ndugu yake akiletewa hulipokea. Yeye alilileta ili nibadilishe banda.

Sikunyoosha mkono.

"Mimi hujanikosea," nilimwambia. "Uliyemkosea yuko Kilema. Mpelekee baba. Akilipokea, kisiki nitakiondoa mwenyewe."

Alisema hana muda wa kupanda mlimani. Basi nikachukua bisibisi, nikalifungua banda langu lote, ubao kwa ubao, nikalipakia kwenye pikapu. Kampuni yake ilianza maonyesho na meza moja na viti vya plastiki, na sikuona haya hata kidogo.

Baba aliposikia alinigombeza. Isale halikataliwi, alisema, hata likiletwa na mjinga. Nikamwambia sikulikataa, nimelielekeza kwake. Wiki ile hakung'oa mbuni hata mmoja, na kila gari lilipopanda aliinua kichwa.

Hakuja mtu. Jumatatu baba akanipa jembe, tukaanza kung'oa tena, kwanza mbuni ulio karibu na mlango.