Nilivyowafundisha Form Two neno "peeved", nikanyimwa ugali siku nne

Wakuu, za kwenu. Leo naweka kisa changu mwenyewe. Chumvi siongezi, maana hata chumvi yenyewe nilikuwa naomba kwa jirani.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mtu wa Tanga. Ajira ikanitupa huku milimani Mbinga, njia ya kwenda Litembo. Baridi ya huku usiiombe. Mara ngapi kwa wiki nilikuwa naoga, hayo tuyaache.

Jirani yangu ni Mama Telesia, mjane, ana kahawa yake na beberu mmoja mwenye roho mbaya. Tangu nihamie, karibu mwaka mzima, mama huyu alikuwa ananiletea ugali na maharage kila jioni. Sikumwomba. Aliona tu moshi wa jikoni kwangu akajua huyu kijana hajui kupika.

Sasa Jumapili moja nikafua suruali yangu ya kadeti ya kazini, nikaanika. Beberu akaja akatafuna mguu wa kulia wote. Wote, wakuu!

Nikaudhika, ila si sana. Nikaanua kilichobaki.

Jumatatu naingia Form Two. Nina utaratibu wangu wa neno la wiki. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: PEEVED.

Nikawaeleza vizuri tu. Hii si hasira ya kushikana mashati. Ni kuudhika kidogo, kama una kokoto ndani ya kiatu. Mtu akikuruka kwenye foleni, you are peeved. Nyumba yako ikiungua huwezi kusema peeved, watu watakushangaa.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Kiherehere kikanipanda, mfano nikautoa nyumbani:

"Our teacher is peeved because Mama Telesia's goat ate his trousers."

Yaani mwalimu wao kaudhika kwa sababu mbuzi wa Mama Telesia kala suruali yake. Darasa likacheka mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia. Nikajiona mwalimu bora wa kanda nzima.

Jioni ile ugali haukuja.

Nikasema labda mama anaumwa. Jumanne kimya. Jumatano nikanywa chai na biskuti. Alhamisi nikampita pale kwenye kichanja anageuza kahawa yake juani, nikamwamkia. Akaitikia "marahaba" kavu, kichwa hakuinua.

Ijumaa mchana balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kasiani, akaniita kwake. Kufika, namkuta Mama Telesia na wazee wawili. Mezani kuna daftari la mwanafunzi, limefunguliwa kwenye sentensi yangu.

"Mwalimu," Mzee Kasiani akaanza, "hili neno lina uzito gani?"

"Dogo sana, mzee."

"Dogo kama nini?"

"Kama kokoto kwenye kiatu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sasa kokoto likikuingia kwenye kiatu, unavua kiatu au unapiga kengele ya shule?"

Wazee wakacheka. Mimi jasho linanitoka, na baridi ile!

Ndipo akanieleza. Kwao hapo jirani akikuudhi unakwenda mwenyewe, unapiga hodi, unamwambia. Ukianza kuwaambia wengine kabla yake, mkosaji unakuwa wewe, hata kama mbuzi ni wake.

"Mama huyu," akasema, "habari ya suruali yako ameisikia bombani."

Hapo niliumia kweli. Mtu aliyenilisha mwaka mzima amechekwa na ndoo yake kichwani kwa sababu yangu. Nikamwomba radhi.

Mama Telesia akagonga lile daftari kwa kidole.

"Mwalimu, na mimi ni hiyo peeved. Mbuzi ni wangu, sikatai. Lakini milango yetu inaangaliana, na ukashindwa kuja?"

Nikauliza kwa woga, "Lakini ni kidogo, mama?"

"Kidogo. Ingekuwa kubwa ningekwambia kwa Kimatengo chetu."

Wakuu, miaka yote ya kufundisha sijapata mwanafunzi aliyelitumia lile neno vizuri kuliko yule mama.

Tukarudi njia moja, yeye akaingia kwake. Mimi nafika uani, namkuta beberu chini ya kamba yangu. Soksi inaning'inia mdomoni, na ananitazama usoni.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikatamani kupiga picha niweke status.

Nikairudisha mfukoni. Nikavuka njia, nikapiga hodi.

"Mama, mbuzi wako anakula soksi yangu."

"Nimesikia," akajibu kutoka jikoni. "Nawa mikono, ugali unaiva."

Basi nilichojifunza ni hicho tu: kaudhi kadogo kapeleke kwa mwenyewe kakiwa bado kadogo. Kakipita ubaoni kanakua.

Nyie huko mliko, jirani akiwaudhi mnaanzia wapi? Na mwenye dawa ya beberu aiweke hapa chini, nimebakiwa na soksi tatu.