Mwajuma apanda jukwaani na mwanawe

Jamani, leo baba yangu ameniliza mbele ya ukumbi mzima!

Niko Kisarawe, nimemsindikiza mdogo wangu Mwajuma. Klabu ya kujitolea ya hapa wilayani ilikuwa inawapongeza wanafunzi itakaowasomesha kidato cha tano na sita.

Mwajuma aliacha shule kwa ujauzito. Akajifungua, akarudi darasani, akafaulu. Baba hakuwa anamsemesha tangu mimba ilipoonekana. Leo amekuja kwa kubembelezwa na mama, akakaa nyuma kabisa.

Jina la Mwajuma likaitwa. Mtoto akamng'ang'ania shingoni, basi akapanda naye hivyo hivyo.

Mshereheshaji akatabasamu. "Mdogo wangu, mrudishe mtoto kwa mama yake kwanza, upige picha."

"Mama yake ni mimi."

Kasema hivyo kwenye maiki! Mshereheshaji wa watu hajui aangalie wapi.

Mara nasikia kiti kinaburutwa nyuma. Baba huyo, na kanzu yake, anakwenda mbele polepole.

Akafika jukwaani, akanyoosha mikono.

"Nipe mjukuu wangu. Wewe simama vizuri upigwe picha, mwanangu."

Mwanangu! Nyie, acheni tu.

Mama akapiga kigelegele, ukumbi mzima ukamfuata. Mwajuma analia huku anacheka, cheti alichopewa kakishika juu chini, na wala hakuna aliyejali.

Sasa tuko nje. Mtoto kalala begani kwa babu yake, na babu kakataa kumpa mtu yeyote.

Mpeni Mwajuma hongera zake hapa chini, nimsomee zote. Baba naye anasikiliza!