Nilidhani Ndivyo Wanawake Wanavyovumilia

Nilihama Louisville, Marekani, nikiwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa tumehamishiwa pale kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mama, dada zangu wawili na mimi, ambaye makaratasi yalisema ni mtoto wa kiume. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Siku niliyomwambia mama kwamba mimi ni mwanamke, na kwamba nimekuwa hivyo tangu kambini, aliendelea kuchambua maharage hadi yakaisha. Kisha akasema, "Watu wa kanisani wasijue mpaka nife mimi."

Sikuona kuwa ni ukatili. Lakini sikuweza kulitimiza ombi lile na huku naishi chini ya paa lake, kwa hiyo nikahamia Columbus.

Huko nilipanga chumba mtaa wa Linden, nikaanza kutumia homoni za kike katika kliniki iliyokuwa mwendo wa mabasi mawili. Kiingereza changu kilikuwa cha ghalani: inua, panga, harakisha. Daktari alimpigia simu mkalimani, akaiweka kwenye spika. Ilitoka sauti ya mwanamume wa makamo, Kiswahili cha Kigoma kabisa. Sikumjua, ila nilijua alikotoka, na nikahisi naye amejua nilikotoka mimi. Daktari aliuliza jambo refu. Mkalimani akasema, "Daktari anataka kujua kama unashiriki tendo la ndoa, na kama unaridhika."

"Sijaolewa," nikasema.

Nilisema sijaolewa, sikusema sijaoa. Mkalimani akakohoa, akatafsiri. Daktari akaandika, akaendelea na shinikizo la damu.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na mtu. Alikuwa akija Jumanne mchana, anapita mlango wa nyuma, anaondoka kabla chai haijapoa. Dawa zilikuwa zimeubadili mwili wangu. Hamu niliyoizoea ilikuwa imepungua, na kilichobaki kilikuwa kinauma. Hakuwahi kuniuliza kitu. Nami nililelewa katikati ya wanawake waliokuwa wakiambizana kuwa mwanamke huvumilia. Nikavumilia, tena kwa fahari kidogo, kama mtu aliyefaulu mtihani. Mtu huyo alipoacha kuja sikumtafuta.

Buffalo nilifuata kazi ya kiwanda cha mikate. Ndipo nilipokutana na mwanamume mmoja, Mkongo wa Uvira, mjane wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa akiendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo. Alianza kuniletea sombe, yaani kisamvu, kwenye kikopo, kila mara akidai amepika nyingi kwa makosa. Baada ya miezi miwili ya makosa hayo niliona lazima nimwambie. Alikuwa akinirudisha kwangu Lackawanna baada ya zamu ya asubuhi. Nilimwambia tukiwa ndani ya gari, limeshaegeshwa, mimi nimeshika kitasa cha mlango. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante, nami nikashuka.

Wiki nzima hakuniletea chakula. Siku ya nane alinisubiri kwenye maegesho, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uvira kilichochanganyika na Kifaransa:

"Bon. Nilifikiri juma muzima. Niko na maulizo mbili. Ile dawa unakunywaka, itakuua?"

"Hapana."

"Na mama yako anajua?"

"Anajua."

"Donc kama mama anajua, mimi ni nani wa kukatala?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Alikuwa mpole, na mimi nilifanya nilichokijua, yaani kunyamaza. Ikaendelea hivyo wiki kadhaa. Jumamosi moja mchana, tukiwa kitandani, aliacha katikati ya jambo, akaniangalia usoni.

"Nakuumizaka?"

"Hapana."

"Uso yako inasema ingine."

Akakaa kitandani, akavaa shati, akasubiri. Hakuwa na hasira. Mwishowe nikasema ndiyo, inauma.

"Leo?"

"Kila siku."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unanyamaza?"

"Nilidhani ndivyo wanawake wanavyovumilia."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. "Bibi yangu, marehemu," akasema, na kwao bibi ni mke, "alikuwa ananiambia. Hapa hapana, hapa ndiyo, leo niache. Nani alikudanganya wanamuke wananyamazaka?"

Kwa muda mfupi nilimwonea wivu yule marehemu. Si kwa sababu aliwahi kupendwa naye. Niliona wivu kwa sababu alikuwa mwanamke kwa namna ambayo mimi sikujua kwamba inaruhusiwa. Nilikuwa nimeacha mama, mji na jina ili niwe mwanamke, kisha nikachagua kuwa yule aliyechoka kuliko wote niliowajua.

Tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi akanyoosha mkono kuichukua simu ya mkalimani, nikamwomba aiache. Kiingereza changu kilikuwa kimekua, na pale kiliponikwama nilichora kwenye karatasi. Muuguzi alisema maumivu si dalili ya kitu chochote chema, kwa mwanamke yeyote. Alieleza dawa zinavyobadili ngozi na hamu, akapima kiwango cha homoni, akanipa jeli ya kulainisha, akatuambia tuache kwa muda kile kinachouma na tutafute kisichouma. Yule bwana alikuwa amekunja kofia yake magotini. Akauliza kama na yeye anaweza kupimwa damu, maana tangu mkewe afariki hakuwahi kupima. Muuguzi akasema anaweza, siku hiyohiyo.

Tukaacha kile kinachouma kwa karibu miezi mitatu. Mwanzoni nilikuwa nasema "hapa hapana" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Baadaye nikaisema kama mtu anayeelekeza njia. Hamu ilirudi, si ile ya zamani. Ilikuwa ya polepole, ilianzia shingoni na mikononi, na mara nyingine haikwenda mbali zaidi ya hapo na hakuna aliyelalamika. Kuna siku nilicheka katikati, naye akacheka bila kujua kwa nini.

Haikuwa bila hasara. Mdogo wake, anayeishi mtaa wa tatu kutoka kwetu, aliacha kupokea simu zake aliposikia habari zangu. Kwaya aliyokuwa akiimba ilimwomba apumzike, naye amepumzika, ingawa kanisani bado anakwenda na kukaa safu ya mwisho. Sijamwuliza kama anajuta. Amehamishia nguo zake zote kwangu, pamoja na suti mbili za kwaya.

Mwaka jana tuliendesha gari hadi Louisville. Mama amezeeka magoti. Alimpa mgeni kiti kizuri, akamuuliza habari za Uvira, za wazee wake, upande wa mama na wa baba, kama anavyohojiwa mtu aliyekuja kuposa. Yeye akajibu moja moja, mikono juu ya mapaja. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia mama akimwambia, "Huyu tangu mdogo hasemi akiumwa. Itabidi umuulize."

"Ninamuulizaka, mama," akasema.

Mama akaniita nilete chai.