Saini ya Mithika

Karambu, mwalimu mstaafu wa Kinoru, alishtakiwa kwa deni la kadi ya benki la miaka kumi iliyopita. Wakili wake alimtuliza kwamba deni likishapita miaka sita halidaiwi tena kortini. Lakini siku ya kesi wakili wa benki alitoa risiti: miaka minne nyuma kuna mtu alilipa kidogo kwa niaba yake, na malipo hayo yangelifufua deni iwapo Karambu ndiye aliyemtuma.

Karambu aliitambua saini iliyokuwa kwenye risiti. Ilikuwa ya Mithika, marehemu mumewe.

“Mama, wewe ndiye uliyemtuma?” hakimu aliuliza.

Karambu alikumbuka alivyomsihi mumewe aende benki asubuhi ya baridi kali, akijua kifua kinamsumbua. Wiki mbili baadaye alimzika.

“Sikumtuma, mheshimiwa. Alienda kivyake.”

Kesi ikatupwa. Jumapili pasta alimwita mbele atoe ushuhuda. Karambu alishika maikrofoni, akalia, na waumini wakampigia makofi wakidhani ni furaha.

Picha ya Mithika iko sebuleni, ikiutazama mlango wa mbele. Mpaka leo Karambu huingia nyumbani kwake kupitia mlango wa jikoni.