Ya Miezi Mingapi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, daktari alivuta kiti akaketi mbele yangu kwenye veranda ya wodi ya wanawake. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa natazama saa ya mkononi, nikikadiria ruhusa niliyopewa kazini. Nilikuwa karani wa mizani katika jineri ya pamba, Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mengine nilijisomea mwenyewe, na ndugu zangu walizoea kuniletea kila karatasi yenye Kiingereza.

Mgonjwa alikuwa mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa ameposwa na watu wa Ushetu, na wazee walikuwa bado wanavutana juu ya idadi ya ng'ombe wa mahari. Alikuja kutoka nyumbani Kharumwa akiwa amevimba uso na miguu, akisindikizwa na shangazi.

Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake kifupi, kwa hiyo alinieleza kwa Kiingereza. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Pale wodini walimtia maji yenye chumvi na sukari tumboni kwa mpira mwembamba, wakayaacha yavute uchafu wa damu kupitia utando unaofunika matumbo, kisha wakayatoa. Hawakuweza kumweka wodini hivyo siku zote. Lakini nchi za nje, alisema, watu walikuwa wameanza kufanya kazi hiyo nyumbani kwao, mara nne kwa siku, kwa mifuko ya plastiki. Yeye alikuwa na maboksi ya kutosha miezi miwili, na angeandika barua kuomba mengine. Kilichotakiwa ni chumba chenye sakafu ya saruji, sabuni, na mtu mmoja asiyechoka kunawa mikono. Kosa dogo la usafi lingeweza kumuua. Hakuahidi kupona. Aliahidi muda tu, na hata huo hakuutaja ni kiasi gani.

"Wewe ni mtu wa utaratibu," alisema, akitazama daftari nililokuwa naandikia maelezo yake. Nilifurahi kuambiwa hivyo.

Shangazi alikuwa akinisubiri kwenye ngazi na mzigo wake kichwani, maana basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka.

"Haya, msomi wetu. Mzungu kasemaje?"

Nilitafuta namna fupi ya kusema. "Atakuwa anasafishwa tumbo, shangazi. Kwangu, nyumbani."

Shangazi aliushusha mzigo. "Anasafishwa tumbo?"

"Ndiyo. Kimyakimya tu, hakuna kupasuliwa tena."

"Ya miezi mingapi?"

"Miwili, kwa sasa," nilisema, nikihesabu maboksi ya daktari. "Baadaye tutaona."

Alifunga upya kanga yake kiunoni. "Na wewe unalisema hivyo, mchana kweupe, kama unapima pamba." Akajitwika mzigo wake akaondoka bila kuaga. Nikadhani amechoka.

Jioni nilimsimulia mke wangu mazungumzo yote, neno kwa neno, kama nilivyozoea. Alianza kucheka, kisha akaacha.

"Baba watoto, umemwambia mama mtu mzima kwamba binti asiyeolewa anasafishwa tumbo. Kakuuliza ya miezi mingapi, nawe ukamjibu miwili."

Ndipo nilipoelewa. Kwetu, tumbo la msichana halisafishwi ila kwa jambo moja. Mimi niliyejua tofauti ya ratili na kilo hadi nukta ya tatu, nilikuwa nimemtangazia mdogo wangu kwamba ametoa mimba.

"Andika barua sasa hivi," mke wangu alisema. "Kondakta wa basi la asubuhi ataifikisha. Na chumba cha watoto tukikorogee saruji. Hiyo kazi ya maji nitaifanya mimi. Nimeogesha watoto sita, nitashindwa mifuko?"

"Ngoja kwanza," nilisema.

Kosa la maneno nimejisamehe. Nisilojisamehe ni hilo "ngoja kwanza". Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu nyingine: mara nne kwa siku, kila siku, msimu wa pamba ukiwa mlangoni. Sabuni ya kupatikana kwa foleni. Watoto sita kuhamia sebuleni. Na hofu ambayo sikumwambia mtu, kwamba uchafu ungeingia ndani ya nyumba yangu na dada yangu angekufa katika mikono yangu hii iliyosifiwa na daktari. Nilipoona kwamba uvumi ungeweza kuniondolea mzigo huo bila mimi kuukataa, sikuandika barua. Asubuhi nilikwenda kazini. Kesho yake pia.

Siku ya tano mama alifika hospitali na baba mdogo. Watu wa Ushetu walikuwa wameshatuma mtu kusema mazungumzo ya ng'ombe yamekwisha. Mdogo wangu alijua yote, maana baba mdogo hakuwa mtu wa kupunguza sauti.

"Mpira sitaki," alisema, akiwa amegeukia ukuta. "Nikirudi na tundu tumboni watasema wameona mtoto alipotokea."

"Hakuna atakayesema hivyo," nilisema.

"Kaka, si umeshasema wewe?"

Mama alinishika mkono akanitoa nje. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, alizungumza nami Kisukuma. Aliniuliza taratibu: wewe ndiye unayesoma, kitu hiki ni nini hasa? Tukimwacha hapa, atapata nini?

Palikuwa na nafasi ya kusema kila kitu. Baba mdogo alikuwa amekwenda kunywa chai, hakuna aliyetuharakisha.

"Uamuzi ni wenu wazee," nilimjibu.

Wakamchukua jioni ileile. Daktari aliandika kwenye karatasi yake kwamba ndugu wamekataa matibabu. Hakuuliza ni ndugu yupi.

Mdogo wangu alikufa nyumbani Kharumwa, siku ya kumi na tisa tangu Jumanne ile. Kwenye msiba walichinja ng'ombe, nami nikapita karibu na wachinjaji wakati wanatoa matumbo. Ule utando mwembamba unaoyafunika ulikuwa umetandazwa juu ya ngozi, unang'aa. Nilimwita mama. Nikamwonyesha figo, nikamwonyesha utando, nikamweleza maji yangeingia wapi na yangevuta nini kupitia wapi. Haikuchukua dakika tatu. Mama alikuwa ametenganisha utando huo na utumbo tangu utoto wake, aliujua kuliko mimi.

"Hili ningelielewa," alisema. Akaenda kukaa na wanawake wenzake.

Mpaka leo sijamwambia kwamba nilikuwa nimejua kosa langu tangu jioni ya kwanza. Nyumbani mke wangu hakulitaja tena, na watoto waliendelea kulala kwenye chumba chenye sakafu ya udongo. Saruji mifuko minne, mchanga, fundi, kitanda cha chuma, ndoo mbili zenye mifuniko na katoni ya sabuni havikununuliwa. Niliokoa shilingi elfu moja mia nane na arobaini.